Harriet Powers: Mshonaji aliyerudi kuutazama mfarishi wake

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, na alifariki dunia tarehe 1 Januari 1910 akiwa na mali kidogo mno. Mifarishi yake miwili, iliyoshonwa kwa vipande vya nguo, leo imehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Washington na Boston. Huu ni wasifu wake.

Jioni mafundi wa cherehani wa soko la Kimironko mjini Kigali wanapofunga kazi, chini ya meza zao hubaki rundo la masalio ya vitenge: pembe tatu, tepe nyembamba, vipande visivyotosha hata mfuko wa shati. Vingine hufagiwa na kutupwa. Vingine huokotwa na mwenye subira, vikaunganishwa kimoja baada ya kingine hadi vikawa mkoba, foronya au tandiko la kitanda.

Tandiko la namna hiyo lina jina lake katika Kiswahili, ijapokuwa hapa kwetu halisikiki sana: mfarishi. Ni tabaka mbili za kitambaa zenye pamba katikati, zilizoshonwa kwa mishono inayopita kutoka upande wa juu hadi wa chini ili pamba isihame na kujikusanya pembeni. Mwandishi wa makala haya, ambaye kazi yake ya kila siku ni kufasiri habari, alilipata neno hilo katika kamusi alipokuwa akitafuta namna ya kumweleza msomaji wa Kigali habari za Harriet Powers. Ni neno zuri, na litatumika humu.

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 karibu na mji wa Athens, katika eneo la mashamba ya pamba. Kwa sheria ya wakati huo alikuwa mali ya mtu mwingine, na hivyo ndivyo alivyoishi miaka yake 28 ya kwanza. Mwaka 1855, angali kijana wa miaka 18, aliolewa na Armstead Powers. Walijaliwa watoto wasiopungua 9, na wale waliozaliwa kabla ya mwaka 1865, utumwa ulipofutwa nchini Marekani, walizaliwa watumwa kama mama yao.

Uhuru ulikuja bila ardhi. Ilichukua miaka mingi ya kulima mashamba ya wengine kabla ya Harriet na Armstead kuweza, katika miaka ya 1880, kumiliki ekari 4 za kwao wenyewe. Kwa familia iliyotoka utumwani hilo halikuwa jambo dogo, na katika miaka hiyo hiyo ya nafuu ndipo Harriet alipoushona mfarishi uliompa jina.

Inafaa kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa kuwa aliyezoea kununua blanketi dukani huenda asitambue ukubwa wake. Harriet hakuunganisha tu viraka vya mraba. Alikata kutoka katika nguo kuukuu maumbo ya watu, wanyama, malaika, jua, mwezi na nyota. Kila umbo alililaza juu ya kitambaa cha chini, akalishona kulizunguka. Maumbo yalipokamilika katika kila chumba cha mfarishi, vyumba viliunganishwa kwa tepe za kitambaa, kikawekwa kitambaa cha nyuma na pamba katikati, kisha ikaanza kazi ya kupitisha sindano katika tabaka zote tatu, mstari baada ya mstari. Mishono mingine ilifuata mipaka ya maumbo, mingine ilitanda uwanja mzima. Mwisho kabisa kingo zilikunjiwa ndani na kufungwa. Alitumia mkono na cherehani pia. Mfarishi wake wa kwanza tunaoufahamu una urefu wa zaidi ya mita 2 na upana wa karibu mita 2, na ndani yake mna karibu vipande 300 vya nguo.

Wamo Adamu na Hawa bustanini, na Shetani katikati ya nyota saba. Yumo Kaini akimuua nduguye, kisha akienda nchi ya Nodi kutafuta mke. Ipo ndoto ya Yakobo na ngazi yake, ubatizo wa Yesu na kusulubiwa kwake, Yuda na vipande 30 vya fedha, karamu ya mwisho, na familia takatifu. Vyumba ni 11 kwa jumla, na kila kimoja ni kisa kamili. Wanyama wa bustanini hawafanani na wanyama wa vitabuni. Mmoja ana nundu, mwingine ana miguu iliyopangwa kana kwamba anacheza ngoma. Watu wamekatwa kama vivuli, bila nyuso, lakini mikono yao imenyanyuliwa kwa namna ambayo mtu hahitaji kuambiwa nani anaomba na nani anashtuka.

Wataalamu wa sanaa wameyalinganisha maumbo haya na nguo za kifalme za Dahomey, katika Benin ya leo, ambako mafundi wa Abomey hukata wanyama na alama za wafalme kwa kitambaa na kuzishona juu ya kitambaa kingine. Kufanana kupo, na anayeziona kazi hizo mbili pamoja hawezi kukukana. Hata hivyo kufanana si hati ya ukoo. Vipande vya nguo vimeunganishwa mahali pengi duniani na watu wasiopata kuonana. Katika pwani yetu wenyewe husimuliwa kwamba kanga ilianza pale wanawake wa mijini waliponunua leso za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara, wakazishona sita pamoja ili wapate vazi moja pana, kabla ya viwanda kuanza kuchapa vazi hilo likiwa zima.

Mwaka 1886 Harriet aliupeleka mfarishi wake kwenye maonesho ya pamba mjini Athens. Miongoni mwa waliopita pale alikuwamo Jennie Smith, mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana Wazungu mjini humo, mwanamke aliyekuwa amesoma uchoraji hadi Paris. Alisimama. Alimtafuta mwenye kazi hadi akampata, akataka kuununua. Harriet alikataa. Hakutaja bei ya juu ili aanze kupatana, alikataa kuuza kwa bei yoyote.

Miaka michache ilipita na hali ikageuka. Bei ya pamba ilikuwa chini, madeni yakaongezeka, na familia ya Powers ikaanza kupoteza kile kidogo ilichokuwa nacho. Harriet alipeleka ujumbe kwa Jennie Smith kwamba sasa angeuza. Safari hii mwalimu ndiye hakuwa na fedha. Ilipofika mwaka 1891 ndipo mambo yalipokutana, mmoja akiwa na haja na mwingine akiwa na chochote mfukoni. Harriet alikuja mjini kwa mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe, mfarishi akiwa ameupakata mapajani, umefungwa katika mfuko safi wa unga na juu yake gunia.

Aliomba dola 10. Jennie Smith alisema alikuwa na dola 5 tu.

Harriet alitoka nje kushauriana na mumewe, na Armstead akamwambia achukue, kwa kuwa nyakati zilikuwa ngumu. Alirudi ndani akaupokeza mfarishi kwa dola 5. Lakini kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo lililomfanya tumfahamu leo. Alieleza. Alipita chumba kwa chumba, akamweleza mnunuzi kila umbo ni nani na anafanya nini, na Jennie Smith akayaandika.

Hapa inabidi kutua kidogo. Ni rahisi kumsifu Jennie Smith kama mwokozi, na ni rahisi vilevile kumlaumu kwa kulipa nusu ya bei. Yote mawili ni kweli. Bila yeye huenda mfarishi ungechakaa kitandani kama maelfu ya mingine iliyofunika watoto wa Georgia. Lakini pia ni yeye aliyeshika kalamu. Maelezo ya Harriet yametufikia kwa tahajia na masimulizi ya mwanamke Mzungu wa tabaka la juu, aliyekuwa na desturi ya wakati wake ya kuandika matamshi ya watu weusi kwa namna ya kuchekesha. Kila mfasiri anajua jinsi sauti ya msemaji inavyoweza kupotea kati ya sikio na kalamu hata pale maana inapobaki. Kwa sababu hiyo makala haya hayanukuu maneno yanayosemwa kuwa ya Harriet.

Kilicho wazi ni kwamba mauzo hayakuukata uhusiano wake na mfarishi. Baada ya siku ile Harriet alirudi nyumbani kwa Jennie Smith mara kadhaa, bila haja nyingine, kuutazama tu.

Kila utamaduni wa ushonaji una namna yake ya kuamua lini kazi imekwisha. Wasidi wa Karnataka, kusini mwa India, ambao baadhi ya mababu zao walitoka Afrika Mashariki, hushona mifarishi yao wakianzia ukingoni na kuelekea katikati, na hawauhesabu kuwa umekamilika hadi kona zake zishonewe vipande vidogo viitwavyo phula, maana yake ua. Bila hivyo mfarishi huonekana kama uko uchi. Kwa Harriet Powers, inaonekana, kufunga kingo hakukutosha. Kazi yake ilikuwa masimulizi, na msimulizi hajamaliza hadi msikilizaji ajue ni nani aliyemuua nani na kwa nini. Aliposhurutishwa na shida kuutoa mfarishi mkononi, alihakikisha kwamba kisa chake kinaondoka nao.

Jennie Smith aliupeleka mfarishi huo kwenye maonesho makubwa ya Atlanta ya mwaka 1895, ukawekwa katika jengo lililotengwa kwa kazi za watu weusi. Miaka mitatu kabla ya hapo mshonaji mwingine aliyezaliwa utumwani Marekani alikuwa amefika mbali zaidi kwa sindano yake. Martha Ann Ricks, aliyehamia Liberia akiwa mtoto mwaka 1830, alisafiri hadi Uingereza Julai 1892 na kupokewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor, akamkabidhi mfarishi wenye picha ya mti wa kahawa wenye majani ya kijani na matunda mekundu. Magazeti ya Uingereza yaliandika sana habari za Martha. Wakati huo Harriet alikuwa shambani, na hakuna gazeti lililomtafuta.

Miaka hiyo haikuwa myepesi kwake. Katikati ya miaka ya 1890 Armstead aliondoka. Hawakupeana talaka, lakini Harriet alibaki peke yake, akiishi kwa kushona. Katika kipindi hicho ndipo alipoutengeneza mfarishi wake wa pili uliosalia, ambao mwandishi huyu anauona kuwa wa ajabu kuliko wa kwanza.

Una vyumba 15. Baadhi ya visa vinatoka tena katika vitabu vya dini: Ayubu, Musa na nyoka, Yona na samaki. Wasomaji wetu wa Biryogo na Nyamirambo wenye kuwajua kama Ayub, Musa na Yunus hawatapotea humo. Lakini kando yao Harriet aliweka mambo yaliyotokea duniani. Ipo siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, ambapo mchana uligeuka usiku kaskazini-mashariki mwa Marekani kutokana na moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua. Upo usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo vilipoanguka kwa wingi hata watu wakadhani ulimwengu umefika mwisho. Ipo baridi kali ya Februari 1895, na ndani yake mwanamke ameganda getini na pumzi ya nyumbu imegeuka barafu.

Msomaji atakuwa ametambua jambo katika tarehe hizo. Mwaka 1780 Harriet hakuwa amezaliwa, na 1833 vilevile. Vimondo vilianguka miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake. Mambo hayo aliyapokea kwa masikio, kutoka kwa wazee waliokuwapo au waliosikia kwa waliokuwapo, kama ambavyo wengi wetu tulipokea habari za njaa na vita vya zamani kutoka kwa bibi zetu, mwaka ukitajwa kwa jina la tukio. Yeye aliyapa umbo. Katika chumba cha vimondo watu wadogo wametaharuki na mkono mkubwa umetokea juu yao.

Kisha yupo nguruwe. Ni nguruwe jike aliyeitwa Betts, ambaye kwa masimulizi ya Harriet alikimbia maili 500, yaani kilomita 800 hivi, kutoka Georgia hadi Virginia. Kwa nini mshonaji amweke nguruwe mtoro katika mfarishi mmoja na kusulubiwa kwa Yesu? Baadhi ya watafiti wamemwona kuwa ishara ya watumwa waliotoroka kuelekea kaskazini. Harriet hakusema hivyo kwa maneno yaliyohifadhiwa, lakini alimkata nguruwe huyo mkubwa na akamweka mahali pasipoweza kupuuzwa.

Kupitia wake wa walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, mfarishi huo ulitolewa zawadi mwaka 1898 kwa Mchungaji Charles Cuthbert Hall, aliyekuwa katika baraza la wadhamini wa chuo hicho. Ulibaki katika familia yake hadi mtoto wake alipouuza kwa mkusanyaji Maxim Karolik, na mwaka 1964 ukaingia katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Ule wa kwanza ulibaki na Jennie Smith hadi alipofariki mwaka 1946. Baadaye ukakabidhiwa taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Rangi zake zimefifia sana.

Ipo picha moja tu inayojulikana ya Harriet Powers, iliyopigwa karibu mwaka 1897. Amesimama wima, hatabasamu, na amevaa aproni. Anayeikazia macho ataona kwamba aproni yenyewe imeshonewa maumbo ya jua na nyota, yale yale ya kwenye mifarishi. Alikwenda kupigwa picha akiwa amevaa kazi yake.

Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba hakujua kusoma, na kwamba alifariki mwaka 1911. Yote mawili yalirekebishwa hivi karibuni tu. Mwaka 2005 kaburi lake lilitambuliwa katika makaburi ya Gospel Pilgrim mjini Athens, na jiwe likaonesha tarehe 1 Januari 1910. Kisha mwaka 2009 mtafiti na mshonaji Kyra Hicks alitangaza kwamba amepata nakala ya barua ya Harriet ya mwaka 1896. Katika barua hiyo Harriet anaeleza maisha yake mwenyewe: alijifunza kusoma utotoni kwa msaada wa watoto Wazungu wa shamba alikokuwa mtumwa, na alishona mifarishi isiyopungua 4. Habari hii inabadilisha mengi. Waliomwona kama mwanamke wa kijijini aliyeshona visa alivyovisikia kanisani tu, bila kufahamu uzito wa alichokifanya, sasa wanalazimika kumsoma upya kama mtu aliyechagua. Aliweza kusoma Biblia kwa macho yake, na alichagua kuieleza kwa sindano.

Mwishoni mwa mwaka 2021 mifarishi miwili ilitundikwa pamoja kwa mara ya kwanza, katika maonesho yaliyofanyika Boston. Miwili mingine iliyotajwa katika barua ile, mmoja wa nyota na mwingine wa karamu ya Bwana uliounganishwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya pembe nne, haijulikani iliko.